Siku Nilipopeleka Kiingereza Koboko

Aibu hii imenikaa kooni kama mwiba wa samaki, lakini kabla sijaitoa ngoja kwanza niwape habari ya tumbaku, maana mimi siwezi kuanza jambo bila kuzunguka (marehemu mke wangu alikuwa akisema nikitumwa chumvi dukani napitia Kongo).

Tulipokuwa wadogo kijijini kwetu Logiri, baba alilima tumbaku, tukaikausha, tukaifunga mafungu na kuibeba kichwani hadi kwenye ghala la wanunuzi. Pale ghalani alikuwepo bwana mmoja mwenye soksi ndefu ambaye kazi yake ilikuwa kunusa jani na kusema neno moja la Kiingereza, moja tu, na akishalisema fungu la baba linarushwa upande wa mali au upande wa takataka, na baba yangu, mtu aliyegombana hata na mvua, anavua kofia na kusema ahsante bwana. Lile neno sikuwahi kulijua. Nilichojua ni kwamba Kiingereza kikisemwa, mzigo unasogea.

Shule niliiacha mapema (mwalimu alisema nasumbua, na kweli nilikuwa nasumbua), nikaingia kuuza samaki wakavu sokoni Arua, na huko nikajifunza Kiswahili, cha wafanyabiashara na cha askari, na kwa Kiswahili hicho hakuna aliyeniweza, nasema bila kujivuna, au nikijivuna kidogo basi mnisamehe. Ukoo ukiwa na posa, mimi ndiye msemaji. Ng'ombe wakila shamba la mtu, mimi ndiye naenda kutuliza.

Sasa uzee umenikuta na redio. Asubuhi kuna kipindi cha kufundisha Kiingereza, na wiki moja mwalimu wa redio alishikilia neno moja tu, important, ambalo mimi hulisema impotanti kwa vile ulimi wangu hautaki kuishia hewani. Akaeleza maana yake: kitu chenye uzito, ambacho ukikikosa utaumia, tena mtu mwenye cheo, ambaye akiingia wengine wanasimama. Akaeleza linavyokaa, siku impotanti, mtu impotanti. Halafu akaleta ndugu za neno hilo: vaito, esensho, signifikanti. Akaonya kwamba hao ndugu hawafanani kabisa, kuna mahali mmoja anakaa na mwingine hakai. Hilo onyo nililisikia nikiwa natafuta betri. Lakini majina niliyashika, nikawa nayatembeza mdomoni kama peremende, hata muuza nyanya nikamwambia nyanya zake ni signifikanti.

Basi, Adriko. Adriko ni mtoto wa marehemu kaka yangu, nimemlea tangu hajaota meno, ananiita Baba, na leo ni karani katika ofisi moja Arua. Akampenda msichana wa mji wa Koboko, Kiden, na posa ilikuwa imeshaahirishwa kwa sababu ya misiba, ikaahirishwa tena, mpaka wazee wa Koboko wakatuma neno: safari hii ikiharibika, msirudi. Tukaenda na ng'ombe wetu kwenye lori, na njiani mimi, mwenye Kiswahili cha kulainisha jiwe, nikaamua peke yangu kwamba nitafungua kwa Kiingereza. Kidogo tu, cha kuonjesha, halafu nirudi kwenye Kiswahili changu.

Nikasimama, nikashika kola ya koti, nikasema kwa Kiingereza kwamba siku hii ni impotanti, binti ni vaito, na ukoo wao ni signifikanti. Watu wangu wakapiga makofi. Msemaji wao, Mzee Wani, akatabasamu mpaka nikaona hana meno ya pembeni.

"Eeeh! Wakwe yetu iko na Kizungu!"

Shangazi yake Kiden akadakia kutoka upande wa wanawake: "Na sisi tulipika enyasa, ugali yetu ya hapa! Kumbe wageni iko Wazungu, watakula nini?"

Nikacheka pamoja nao, nikageukia Kiswahili ili tuanze kazi. Mzee Wani akainua fimbo.

"Hapana, mukwe. Kwetu hapa musemaji hageuzi luga katikati. Ile ulifungua nayo, ndiyo tutafunga nayo. Ukigeuza, munapandisha ng'ombe yenu kwa lori, munarudi."

Nilidhani ni utani wa posa. Nikatazama nyuso za wazee wake. Haukuwa utani.

"Sasa tuambie," akasema, "ile ng'ombe nyekundu, mguu yake iko namna gani?"

Jamani, yule ng'ombe alibanwa na kamba kwenye lori, basi, angepona baada ya siku chache, na kwa Kiswahili ningelisema hilo mpaka wangemuonea huruma. Nikasema ng'ombe ni vaito.

"Na mguu?"

"Esensho."

"Esensho ndiyo kuchechemea hivo?" akauliza shangazi, na uwanja mzima ukaanguka kicheko, watu wangu pia, nao wakijificha nyuma ya kofia.

Mzee Wani akawanyamazisha. Sauti yake ikawa nyingine. "Baba ya kijana alikufa. Binti yetu akipata shida kule Arua, nani atasimama na yeye?"

Swali hilo nilikuwa na jibu lake tangu siku nilipomtoa Adriko mgongoni kwa mama yake. Nilitaka kusema nitasimama mimi, nyumba yangu ni yake, nitakula baada yake. Nikatafuta kichwani, nikawakuta wale ndugu wa redioni tu, wamekaa. Nikajigonga kifua, nikasema kwa Kiingereza: mimi ni impotanti.

Kisha mzee mmoja akasema polepole, "Tunauliza habari ya binti, yeye nasema habari ya cheo yake."

Mzee Wani akaanza kutafuta viatu vyake kwa mguu. Hapo Adriko akasimama. Bwana harusi! Kwetu kijana hafungui mdomo kwenye posa yake, anainamisha kichwa wazee wamsemee. Anayejisemea mwenyewe ni yule asiye na baba. Akanishika bega, akasema kwa sauti ya chini, lakini wote walisikia:

"Mzee, keti."

Mzee. Nikaketi. Akazungumza Kiingereza chake cha ofisini, taratibu, macho chini, nikasikia jina la kaka yangu likitajwa na langu sikulisikia. Mzee Wani akaviacha viatu.

Somo la redio likianza siku hizi nazima, na neno la kigeni sitalitamka tena mbele za watu hata la kuombea maji. Siku ile, Adriko akiwa bado anasema, nilichukua kofia yangu. Wakadhani naenda kujisaidia. Nikampita ng'ombe mwekundu, nikapita ua wa nyuma, nikashika barabara ya Arua kwa miguu, na vigelegele vya kukubaliwa vikanikuta nimeshafika mbali. Sikugeuka. Koboko sijarudi.