Ncoolo Iliyoivia Mbele ya Gari

Chekeni tu, lakini mjue bado nina hasira, maana mimi ndiye niliyewalaza wanajeshi kifudifudi pale kizuizi cha Isiolo, siku niliyokwenda kuomba mke.

Enzi hizo za vita vya Shifta, wale waasi wa kaskazini, huingii Isiolo bila kupekuliwa. Natoka Meru na gari yangu kuukuu, niliyoinunua kwa mkulima mzungu aliyekuwa anarudi kwao, nimembeba Baba Mdogo, msemaji wetu, pamoja na ncoolo, ule mzigo wa miraa ambao sisi Wameru humpelekea baba wa msichana. Akiupokea mazungumzo yanaanza, akiukataa basi, rudi kwenu. Sasa miraa ikinyauka ni matusi, nami nikaona ndani ya gari kuna joto, nikaufunga mzigo mbele, juu ya bampa, upigwe na upepo. (Nilijiona mjanja kweli!)

Tulipoteremka kwenye tambarare, mshale wa joto ukapanda. Baba Mdogo, aliyewahi kuwa utingo wa lori na hataki mtu asahau, akasema, "Ni mkanda wa feni." Nikautazama, mzima. "Basi themostati. Ing'oe." Nikaing'oa hapo kando ya barabara, nikaungua vidole, nikamimina maji yetu yote ya kunywa, tukaondoka, na mshale ukapanda tena! Na kila tukifungua boneti tunauinamia ule mzigo, watu wazima wawili, hakuna anayeuona.

Kizuizini kulikuwa na foleni ya malori na jua la saa saba. Ng'ambo ya mti wa kizuizi namwona baba wa msichana, Mzee M'Ikiara, amevaa suti, ametuletea wazee wenzake watupokee. Gari ikaanza kufuka moshi.

"Fungua kifuniko cha rejeta," akasema Baba Mdogo.

"Baba Mdogo, ni moto sana."

"Unanibishia?"

Nikafungua kwa tambara. Kifuniko kikaruka kwa mlio wa bunduki kabisa, mvuke juu, na wanajeshi wakajitupa chini, bunduki zote zikinielekea. "Lala chini! Nyote!" Nikalala. Wazee wakalala. Mzee M'Ikiara akalala vumbini na suti yake, na mimi natamani ardhi inimeze.

Walipohakikisha si vita, mwanajeshi mmoja akaja akiwa amekasirika, akausukuma mzigo wangu kwa mguu. "Na hii umeweka hapa ya nini? Upepo wa kupoza maji ya rejeta utapita wapi?"

Mzee alijipangusa, akaja, akaifungua ncoolo mbele ya wote. Upande wa rejeta miraa ilikuwa nyeusi, laini, kama sukuma wiki iliyosahauliwa jikoni. Baba Mdogo akaanza kukohoa (msemaji wetu huyo!).

"Kijana," akasema Mzee, "umeziba pua ya gari yako na hukujua. Msichana wangu akikosa pumzi kwako, utajua?"

Swali hilo ndilo linalonichoma hadi leo. Alitugeuza hapo hapo kizuizini.

Nilirudi mara ya pili, mzigo nimeupakata magotini, Baba Mdogo nimemwacha nyumbani akifoka. Msichana nilipewa. Tangu hapo sifungi hata kamba mbele ya gari, na siku nyingine jioni namuuliza mama watoto kama kuna mahali nimemzibia. Yeye hucheka. Mimi sicheki, nangoja jibu.