Rubisi ya Afisa Afya

Nimechoka kuulizwa, basi acha nisimulie mwenyewe. Mimi ni afisa afya hapa Kahororo, Mhaya mwenye mvi ambaye hajawahi kutengeneza rubisi, pombe yetu ya ndizi. Kila tukienda ukweni Muleba tunabeba ya kununua, na baba mkwe anaipokea kimya. Kimya chake kinachosha kuliko matusi.

Mwezi uliopita nikampigia simu anielekeze. Akanitajia ndizi za pombe zilizoiva, nyasi za kukamulia, unga wa mtama uliokaangwa, na siku mbili za kusubiri. Moto hakuutaja. Nikadhani mzee amesahau, maana kazi yangu miaka yote ni kuwaambia watu wachemshe.

Nikazikanyaga ndizi kwa gambuti mpya, kwa sababu za usafi, mpaka kiuno kikagoma. Nikakamua maji yake, nikakoroga unga, nikachemsha vizuri, nikajaza kibuyu na kukiziba kwa majani ya mgomba. Sikuchungulia hata mara moja. Nilishasikia kwamba rubisi haitaki kuchunguliwa.

Jumapili baba mkwe akaja na wazee wenzake wawili. Nikampa heshima ya kuanza. Akatumbukiza mrija, akavuta. Akavuta tena, mashavu yakazama, mishipa ya shingo ikasimama. Nikamnong'oneza mke wangu, "Umeona? Ni kali."

Mzee akauchomoa mrija, akautazama, kisha akamgeukia binti yake.

"Waitu mwanangu, niletee kijiko. Uji wa mumeo umeshapoa."