Maji Chini ya Reli

Harufu ya popo na chuma chenye kutu hainichukizi mpaka leo. Wengine wakiipata huziba pua. Mimi huvuta pumzi. Ndiyo harufu ya handaki lililokuwa nyuma ya kambi yetu ya barabara, nje ya Lodwar ukielekea Kakuma, mahali ambapo watoto wote tulikatazwa kwenda na ambapo mimi nilikwenda kila nilipopata nafasi. Nasema hivi mapema ili msomaji asikae akingoja nitubu. Sitatubu. Ilikuwa miaka ya sabini, nami nilikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja. Mvua ilikuwa imekataa kabisa, hata mbuzi walikuwa wakitafuna katoni za sabuni nyuma ya duka.

Handaki lilikuwa la wakoloni. Walikuwa wakichimba mawe ya barabara katika kile kilima, wakatandika reli nyembamba ya vigari vya mawe, na vigari vikasukumwa na wafungwa. Reli ilipenya chini ya kilima ikatokea upande wa pili. Walipoondoka waliacha kila kitu: reli, mataruma ya chuma yaliyolazwa chini yake, vigari vilivyopinduka, na chumba cha baruti kilichochongwa ndani ya mwamba. Upande wa pili uliporomoka, na huu wetu ulizibwa nusu kwa mawe. Hakuna aliyejali. Mimi nilijali, maana nilizaliwa Nakuru katika nyumba za reli. Baba alikuwa mtunza stoo wa reli kabla ya kuhamia idara ya barabara na kutuleta huku kwenye jua kali. Sikuwa nimemsamehe kwa kunihamisha, na zile reli zisizokwenda popote zilikuwa kitu pekee nilichokitambua katika nchi nzima.

Rafiki yangu alikuwa Akiru, msichana wa Kiturkana wa rika langu, ambaye mama yake alileta maziwa na kuni kambini. Kiswahili chake alikiokota dukani, nami Kiturkana changu kilikuwa salamu ya "ejok" na matusi kadhaa aliyonifundisha kwa furaha. Siku moja nilimwonyesha mchezo wetu wa Nakuru: unalala kifudifudi, unabandika sikio kwenye reli, na unaisikia treni kabla haijaonekana. Akiru alicheka mpaka akashika mbavu.

"Hapa treni itatoka wapi? Kwa tumbo ya ngamia?"

Lakini alilala, akabandika sikio. Kicheko kikakatika. "Iko kitu inagonga," akasema. Nikabandika langu. Tik. Kimya. Tik. Mimi nilifikiri ni mizimu ya wafungwa, nikataka kukimbia. Akiru alinishika gauni. "Wewe ogopa nini? Hiyo ni maji."

Tuliingia kwa kutambaa juu ya mawe, na tochi ya Baba ambayo sikuwa nimeiomba. Popo walitupita usoni. Tulishuka taratibu, tukikanyaga mataruma, tukapita kigari kilicholala ubavu, tukapita chumba cha baruti chenye kulabu ukutani. Mbele kidogo hewa ikawa baridi. Tone lilitoka kwenye ufa wa dari likaanguka juu ya reli, na reli ikabeba mlio wake hadi nje.  Akiru alipiga magoti akairamba ile reli. Kisha akaanza kufukua mchanga kati ya mataruma kwa mikono mitupu, mpaka viwiko vikazama, na maji ya kahawia yakaanza kujikusanya polepole. Alikunywa, akaninywesha mimi kwa kiganja chake, halafu akalia kwa sauti. Kwao mbuzi walikuwa wakifa kila siku, na mtoto mdogo wa nyumba yao alikuwa ameacha hata kulia. Sikulijua hilo. Alikuwa hajaniambia.

Mama Akiru, alipoitwa na binti yake, alichimba pale siku nzima. Alipotoka aliweka tawi la miiba mlangoni. Kwa Waturkana kisima ni cha aliyekichimba, na tawi hilo linatosha. Anayetaka kunywesha huomba kwanza, na mwenyewe hupanga nani aanze. Majirani waliomba, akawapa. Wanawake na wasichana walipanga mstari ndani ya handaki, wakipokezana vibuyu mkono kwa mkono huku wamejikunyata, wakiimba sifa za mbuzi waliosalia. Nami nilisimama katika mstari huo, na kwa mara ya kwanza tangu Nakuru sikujiona mgeni.

Kisha msimamizi wa kambi akapata habari. Alikuwa mtu wa kutoka kusini kama sisi, mwenye tumbo kubwa na kofia asiyoivua hata mezani. Alilipiga teke tawi la miiba, akasema handaki ni mali ya serikali, na kwamba watoto watafia humo ndani. Mbuzi na watoto walipokuwa wakifia nje sikumsikia akisema chochote. Aliamuru mdomo wa handaki uzibwe kwa mawe na saruji asubuhi ya pili yake. Mama Akiru alimjibu kwa Kiswahili chake: "Mimi nachimba. Wewe nachimba wapi?" Msimamizi alimpa kisogo.

Kulipokucha, mimi na Akiru tulitangulia. Tuliingia hadi kwenye kigari tukaketi juu yake. Tuliwasikia vibarua wakishusha mawe, kisha kelele walipogundua kwamba kuna watu ndani. Msimamizi alifoka.  Mwishowe ikaja sauti ninayoijua.

"Rispa. Toka."

"Sitoki, Baba."

"Nitakuchapa."

"Nichape, Baba. Lakini wasizibe."

Nikasikia mawe yakikwaruzwa. Baba, mtu aliyepiga pasi hata soksi, alikuwa akitambaa kutufuata. Aliwasha kiberiti. Aliniangalia mimi, akamwangalia Akiru, akaangalia lile shimo chini ya reli na maji yake. Alichovya vidole akaonja. Kiberiti kikamuunguza, akawasha kingine. "Ni ya mama yangu, Mzee," Akiru akamwambia. Baba akaitikia kwa kichwa, akatushika mikono akatutoa nje, suruali yake imechafuka matope mpaka magotini. Alisimama mbele ya mifuko ya saruji iliyopangwa hapo watu wote wakiiona, akamwambia msimamizi: "Saruji hii ni ya daraja. Mimi ndiye mtunza stoo. Sitoi hata kijiko." Msimamizi alimtazama kama mtu aliyeulizwa swali kwa lugha asiyoijua. Vibarua, ambao wengi walikuwa na ndugu katika ule mstari wa vibuyu, waliweka chini makoleo yao.

Jioni hiyo Baba alinichapa, maana alikuwa ameahidi. Hakuwa na moyo nazo zile fimbo, nami sikutoa chozi. Maji yale yalidondoka mpaka mvua iliporudi, na mtoto wa kina Akiru alipona. Sisi tulikuwa tumeshahamishiwa Kakuma, ambayo siku hizo ilikuwa maduka machache, vumbi na upepo. Kila mtu alijua ni adhabu. Baba hakuitaja kamwe, ila cheo hakupanda tena.

Nimezeekea hapa Kakuma. Mji umekua, una mabasi na ofisi na lugha za kila namna, na maji yanatoka bombani. Wenzangu hulalamika kwamba watoto wa sasa hawasikii. Mimi nawaona wanasikia kupita kiasi. Juzi mjukuu wangu, mwenye umri niliokuwa nao wakati ule, alirudi kutoka kwenye bomba la mtaa na mtungi mtupu. Mlinzi alikuwa amemwambia kwamba maji ya leo ni ya watu wengine.

"Na wewe ukamwambia nini?" nikamuuliza.

"Nilimwambia tu asante, shosho."

Nilivaa viatu, nikachukua mtungi wa pili, nikamwambia atangulie.