Bakteria Aliyepewa Jina la Kwetu

Kwetu ni Mwakirunge, na mtu wa Mombasa akisikia hivyo, kwanza hufikiria jaa la taka. Nilipokuwa nasomea tiba ya meno, wenzangu walikuwa wakiziba pua kwa mzaha kila nikitaja kwetu, nami nikicheka nao ili yaishe. Kwa hiyo hasira niliyoipata kwenye semina ile haikuanzia pale.

Semina ilikuwa ya watu wa meno, katika hoteli moja ya Bamburi. Mhadhiri aliyesimama mbele nilimfahamu. Mwaka uliotangulia alikuja kwetu na wenzake kutafiti magonjwa ya fizi, na mimi ndiye niliyempeleka kwa shangazi yangu, kiongozi wa akina mama kanisani. Shangazi aliwakusanya wanawake baada ya ibada, wakaketi kwenye mabenchi, wakafungua vinywa. Wageni wakakwangua ukoga kwenye meno yao, wakautia vichupani, wakaahidi kurudi na majibu ya fizi za kila mmoja. Hawakurudi.

Sasa alikuwa akituonyesha ukutani picha ya vijidudu vya mviringo, vimeshikana kama shanga. Alisema ni bakteria mpya, hajawahi kuelezwa popote, na alitolewa katika kinywa cha mwanamke wa kwetu. Kisha akaonyesha jina. La kwanza lilikuwa la ukoo wa bakteria huyo, Kilatini kitupu. La pili lilikuwa Mwakirunge, limeongezewa mkia wa Kilatini.

Watu wakapiga makofi. Nyuma yangu mtu akanong'ona kwamba huko hata mate yana taka, na wenzake wakacheka.

Nilisimama. "Huyu bakteria analeta ugonjwa?"

"Hapana," mhadhiri akajibu. "Tunaona ni mkaazi wa kawaida wa kinywa. Wenzetu wameshampata katika nchi nyingine pia."

"Hata kinywani mwako anaweza kuwamo?"

"Anaweza."

"Basi mbona hakupewa jina la mtaa wako?"

Alitabasamu kama mtu anayembembeleza mtoto. "Tumempa jina la mahali alipopatikana kwanza. Ni heshima kwa eneo lenu, daktari."

Heshima gani hiyo, mtu anapewa bila kuulizwa, tena akiwa hayupo? Niliketi. Chakula chao sikukila.

Nilikwenda moja kwa moja kwa shangazi, asije akasikia kwa mtu mwingine. Nilimkuta uani akimenya mihogo. Nikamsimulia yote.

"Alitoka kinywani mwa nani?" akauliza.

"Hawasemi. Ni siri ya aliyepimwa."

"Kwa hiyo tumebebeshwa sote." Akaendelea kumenya. "Na fizi zetu, walisemaje?"

"Hawakusema kitu, shangazi."

Kisu akakiweka chini. Tangu wale wageni waondoke alikuwa amepoteza meno mawili ya mbele, na alikuwa akizungumza huku amejiziba mdomo kwa kanga. "Mpigie," akasema.

Nikampigia mhadhiri na kumpa shangazi simu, naye akaamkiwa shikamoo vizuri kabisa. Shangazi akaitika marahaba, kisha akamwambia, "Mwanangu, yale mambo uliyosema kwenye hoteli, njoo uyaseme mbele ya wenyewe."

Nakiri kwamba alikuja. Alisimama kanisani, akaeleza kwamba jina la bakteria likishachapishwa kwa taratibu za wanasayansi, halifutwi eti kwa kuwa tu limewaudhi watu. Mwanamke mmoja kijana alisema yeye amelipenda, angalau tutajulikana kwa kitu kisicho jaa. Shangazi hakuligusa jina. Aliuliza habari za fizi tu.

"Majibu yalikuwa tayari zamani," mhadhiri akasema. "Ila hakupangwa mtu wa kuyaleta."

Hapo ndipo nilipotoka nje, maana ningetukana ndani ya kanisa. Muda wa kumtafutia kijidudu jina la Kilatini walikuwa nao. Mtu wa kumwambia mama wa watu kwamba fizi zake zinaoza, na kwamba zinatibika, hawakumpata.

Baadaye majibu yaliletwa, nami nikawatibu wote waliokubali kuja kliniki. Meno ya shangazi hayakurudi.

Juzi nimesoma kwamba wataalamu wamempima upya bakteria wetu, wakaona si wa ukoo ule. Wamemhamishia ukoo mwingine, na jina la kwanza limebadilishwa. Nilisoma kwa haraka nione kama na la pili limeondoka. Limebaki. Nimeambiwa kanuni ndivyo ilivyo: hata akihama ukoo, jina la pili hulibeba.

Sasa watafiti wakija kwetu, shangazi huwaketisha na kuwauliza kwanza watarudi lini na nani atakayerudi. Kundi la mwisho lilishindwa kujibu, likaondoka bila kupima mtu. Mmoja wao alinipigia simu, akaniomba nizungumze na shangazi yangu. Nilimwambia ajibu kwanza swali aliloulizwa.