Safu ya Mengineyo

Wifi yangu alifanya kazi maktaba miaka thelathini na moja, na kwa muda wote huo sikuwahi kumsikia akisema amechoka. Nilikuwa nasema mimi kwa niaba yake. Nikimwona ameinama mlangoni kuvua viatu, mkono mmoja ukutani, haondoki, nasema kwa sauti kwamba jamani nimechoka. Yeye hucheka na kuniuliza ni kazi gani hiyo inayonichosha, ya kukaa kwenye kiti na kubonyeza herufi. Nina duka la kuchapa na kutoa kopi, milango mitano kutoka maktaba.

Ni dada wa mume wangu, na mtaa mzima unamwita Wifi kwa kuwa mimi sina sauti ya chini. Intaneti ilipoletwa maktaba, watu walikuwa wakichungulia mlangoni na kuuliza, "Wifi ipo?" Naye, macho kwenye kadi zake, hujibu, "Ndiye mimi. Nikusaidie nini?"

Tunaishi nyumba moja. Tangu mama mkwe alipopatwa na kiharusi, mchana namhudumia mimi, nikikimbia kati ya duka na kitanda. Usiku ni zamu ya Wifi, kumgeuza kila baada ya saa mbili asipate vidonda. Mume wangu naye ana zamu yake, ya kuuliza hali. Anauliza vizuri sana, siwezi kumnyima haki yake.

Miezi sita kabla Wifi hajastaafu, makao makuu walimwandikia. Walikuwa wanaandaa kitabu cha mafunzo kwa wakutubi wa matawi yote, ili maktaba ziwe mahali pa jamii na si ghala la vitabu. Kwa kuwa yeye ndiye mkongwe kuliko wote, aandike rasimu. Walimtumia na kiolezo chenye sehemu sita, kila sehemu na malengo yake na maswali ya tathmini. Ya sita iliitwa Mengineyo, kama ilivyo kwenye kila ajenda ya kila kikao, pale pa kutupia yale yaliyokosa pa kukaa. Mimi nilikasirika. Mtu anahesabu siku apumzike, nyinyi mnamtwika kitabu. Yeye alikunja barua, akaitia mkobani, akasema tutaanza Jumatatu.

Lazima nieleze habari ya daftari la wageni, maana hapo ndipo kisa kilipo. Lina safu nne za kutia alama: Kusoma, Kuazima, Kurudisha, Mengineyo. Kila mwezi Wifi alipeleka jumla ya safu tatu za kwanza. Ya nne hakuna aliyewahi kuiuliza, ingawa ndiyo iliyokuwa imejaa kuliko zote.

Naye mwenyewe hakuijali zamani. Miaka ya mwanzo Wifi alikuwa moto wa kuotea mbali. Alikuwa na rula ya mbao, na msomaji akisinzia tu, rula inagonga meza. Kuna mama mmoja alikuwa akija kila asubuhi, anatia alama kwenye Mengineyo, anafungua kitabu kikubwa cha ramani na kulala juu yake. Wifi akagonga. Yule mama akaamka, akaomba radhi, akarudisha kitabu mahali pake na kutoka. Hakurudi tena. Baada ya miezi kadhaa Wifi alisikia sokoni kwamba alikuwa anakesha hospitali na mzazi wake, na nyumbani kulikuwa na watu kumi na moja katika vyumba viwili. Maktaba ndipo palipokuwa pake pa kulala. Wifi alinisimulia hayo mara moja tu, akiwa anamenya viazi, na kisu kilisimama. Tangu siku hiyo rula ikaingia kwenye droo, naye akaanza kuandika pembeni, kwa penseli, kila aliyetia alama safu ya nne alikuwa amefuata nini hasa.

Basi kila jioni akishafunga maktaba alikuja dukani kwangu, yeye anasema, mimi nachapa. Sehemu tano za kwanza zilikwisha upesi. Ya sita ilifika kurasa thelathini na nane. Kulikuwa na mzee aliyeletewa dawa na hajui kama inanywewa kabla ya kula au baada. Kulikuwa na fundi wa zege aliyetaka kujifunza kuandika jina lake tu, basi, siyo barua. Kulikuwa na bibi harusi mtarajiwa aliyekuja kulia mahali ambapo shangazi zake hawafiki. Nilichapa huku nikipenga kamasi, halafu nasingizia vumbi la mashine. Siku nyingine Wifi alisinzia katikati ya sentensi, nami nikangoja, vidole juu ya herufi, mpaka akaamka na kuimalizia palepale alipoiachia.

Mwisho wa sehemu hiyo aliweka agizo moja, ninalikumbuka neno kwa neno: "Mtu akitia alama Mengineyo, usimuulize ni yapi. Mpe kiti. Atasema mwenyewe, na asiposema pia ni sawa." Nikamwambia makao makuu hawatalipenda, halina tathmini. Akajibu kwamba anataka kitu kimoja tu, atakayekalia kiti chake asianze na rula.

Kitabu kilirudi kimechapwa, jalada linang'aa. Sehemu tano zipo. Ya sita ina kichwa cha habari, na chini yake ukurasa mmoja wa mistari mitupu. Nilifungua mara tatu nikidhani kurasa zimegandana. Wifi alipitisha kidole kwenye ile mistari, akasema karatasi ni nzuri, haipitishi wino. Nilitamani apige kelele. Mimi ndiye niliyepiga, na mteja aliyekuwa anatoa kopi akaondoka bila kopi.

Mafunzo yalifanyika palepale maktaba, siku ya mwisho ya Wifi kazini. Nami nilikwenda, kubeba vitabu. Miongoni mwa wakutubi alikuwapo atakayempokea kiti, bwana mmoja mrefu wa makamo aliyehamishwa kutoka idara ya maji, alikokuwa akisoma mita nyumba kwa nyumba. Wifi alikwisha kumbandika jina la Bwana Mita, na rohoni nilijua anamwogopa. Mtu aliyezoea kusoma namba na kuondoka, atampa nani kiti? Mkufunzi wa makao makuu alisoma sehemu zote tano kwa sauti. Alipofika ya sita akatazama saa, akasema mengineyo tutajaza wenyewe kulingana na mazingira, na kama hakuna swali tufunge. Wifi alikuwa amekaa nyuma, mikono mapajani.

Mimi nilikuwa na faili. Nikachapa zile kurasa thelathini na nane, nikazibana, na jioni nikamtilia Bwana Mita mikononi pamoja na funguo. Akaahidi kwamba atazipitia, kwa sauti ile wanayoitumia watu wa ofisini kwa kitu wasichokusudia kukifungua.

Wifi alisema akistaafu atalala mchana. Wapi. Kwa kuwa sasa yupo nyumbani, kila kitu kilimwangukia, usiku na mchana, na mimi pia nilianza kuchelewa dukani. Nasema kwa aibu, maana nilimwona anavyokonda nikajifanya nina kazi nyingi. Wiki ya tatu, asubuhi, akaniambia mama amelala, anakwenda kurudisha kitabu. Alipopita mbele ya duka langu hakuwa na kitabu. Nikamfuata.

Nilimkuta amesimama mbele ya daftari, kalamu mkononi. Aliizungusha juu ya zile safu nne kama mgeni asiyejua kusoma, kisha akatia alama kwenye safu ya mwisho. Bwana Mita akaitazama ile alama. Akafungua mdomo. Akaufunga. Akazunguka meza, akavuta kiti kilicho karibu na dirisha, akarudi zake.

Wifi akakalia kile kiti, nami nikakaa kando yake.

"Wifi," akasema, "nimechoka."

Nilimshika mkono, naye akauacha ushikwe, kisha akalaza kichwa juu ya meza na usingizi ukamchukua hapohapo. Karakana ya jirani wakaanza kukata vyuma, na dirisha lile halina komeo, likawa linajifungua na kuingiza kelele. Msomaji mmoja akageuka kumtazama Wifi, akamtazama na Bwana Mita. Bwana Mita akafungua droo, akatoa rula.

Nilisimama. Alinipita, akasukuma dirisha likafungika, akaichomeka rula kwenye vishikio vyake ili lisifunguke, akarudi kwenye kadi zake. Mimi nikaenda nyumbani kumgeuza mama.