Mto wa Pili

Juzi nilipoona blanketi limeanikwa kwenye kioo cha lori pale Kisawasawa, nilimkumbuka mama na wivu wake. Baba aliendesha lori la kampuni kubwa, akipeleka mizigo Zambia, na nyumbani Ifakara tulimwona kwa nadra. Alasiri moja aliporudi, dizeli bado ikinuka uani, mama alipanda hadi kwenye kitanda cha nyuma ya usukani, akashuka na mto.

"Unalala peke yako. Huu mto wa pili ni wa nani?"

"Wa kampuni huo, mama Neema. Lori lilikuja nao."

Nami niliunusa. Ulinukia marashi, nikafurahi kwamba kampuni inawajali madereva wake. Mama aliutumbukiza kwenye beseni la sabuni, akaufua mpaka kitambaa kikachanika. Nikamletea maji ya kunawa uso, nikidhani povu limemwingia machoni.