Simu ya Nyuma ya Tanki

Mama Pacha alisema ameyasikia kwa masikio yake mawili, hakuletewa na mtu: Afande ana mwanamke.

"Tena si wa jana," aliendelea, mikono ameitanua kama mtu anayepekuliwa, maana fundi wa nguo alikuwa akimpima kifua. "Kila jioni saa kumi na moja, nyuma ya tanki la maji, simu sikioni. Anacheka, shoga! Yule yule ambaye humu ndani maneno anayapima kwa kibaba. Nimemsikia, 'Mgongo unaendeleaje, mama?' Mgongo! Mwanamume haulizi mgongo wa mtu ambaye si—"

"Geuka," fundi alisema, pini mdomoni.

"Nageuka. Mimi sitii chumvi, nakwambia kilivyo. Mumeo mwenyewe ndio kwanza amerudi, hata viatu havijapoa."

Fundi alizitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kimto chake cha pini. "Nimesikia, jirani." Mama Pacha alimtazama usoni, akaona macho makavu, akaenda zake akiwa na hakika kwamba shoga yake amekufa ganzi kwa uchungu.

Kumbe fundi alikuwa akijizuia asicheke, na papo hapo akijizuia asilie. Mwanamke wa nyuma ya tanki alikuwa yeye.

Walikuwa wameoana miaka minane. Lakini ungekusanya siku zote za likizo, wiki mbili hapa na wiki mbili pale, walikuwa hawajakaa pamoja hata miezi mitano. Mume alikuwa mwanajeshi wa mpakani, na kule kambini mtandao ulishika mahali pamoja tu, juu ya kichuguu nyuma ya jiko. Saa kumi na moja jioni alikuwa akipanda kichuguu na kupiga. Sauti ilichelewa kufika. Mkisema wote wawili kwa pamoja, maneno yaligongana na kupotea yote. Basi wakajiwekea utaratibu. Mmoja husema mpaka mwisho, kisha huuliza, "Umenipata?" Mwingine hujibu, "Nimekupata," ndipo na yeye aanze. Kwa njia hiyo walimlea binti yao, wakaongeza chumba cha pili, wakamzika mama mkwe. Hawakuwahi kukatizana hata siku moja.

Wiki tatu zilizopita Afande akahamishiwa ofisi za jeshi hapo hapo mjini. Kila alasiri yuko nyumbani.

Watu walidhani nyumba itarindima. Ikawa kimya kama maji ya mtungi. Mume alikaa ukingoni mwa kiti kama mgonjwa anayesubiri kuitwa na daktari. Fundi alikuwa akisema, "Chakula tayari," naye anangoja amalize, na fundi amekwisha kumaliza. Asubuhi alitandika kitanda, pembe za blanketi zikawa kali kama za boksi, mpaka fundi akaona haya kukikalia. Binti yao wa darasa la kwanza, aliyejifunza kumwita Baba wa Simu tangu anaanza kusema, alimpa shikamoo mikono nyuma, kama anayemwamkia mwalimu mkuu. Hata yale mashati ambayo fundi alimshonea kwa vipimo vya mwaka wa harusi yalimbana mabegani, na hawakujua namna ya kulicheka jambo hilo.

Siku ya tano, saa kumi na moja, simu ya fundi ikalia juu ya meza ya cherehani.

"Fundi, umenipata?"

Alichungulia dirishani. Chini ya tanki aliona viatu vya mumewe, vimeng'arishwa. Hakumuuliza kitu. "Nimekupata," alisema, wakaongea mpaka jua likashuka nyuma ya paa la jirani. Kisha mume akazunguka, akapiga hodi mlangoni kwake mwenyewe, akaingia, akawa bubu. Tangu hapo ikawa ndio desturi.

Jumanne, kutoka nyuma ya tanki, alimwambia habari za barua. "Wanataka mkufunzi arudi kule mpakani. Miaka mitatu. Jibu ni Ijumaa. Kule najua pa kuweka mikono yangu, Fundi. Humo ndani nakuchosha tu. Nilipokuwa mbali ulikuwa na mume. Umenipata?"

"Nimekupata," alijibu, kwa kuwa hilo ndilo neno lake. La pili hakulipata, siku hiyo wala ya pili yake.

Na leo ilikuwa Alhamisi.

Simu ilipolia, fundi alikuwa amekwisha kuzima cherehani.

"Umenipata?"

"Nimekupata. Mama Pacha anasema una mwanamke."

Kikaja kicheko, na fundi alikisikia mara mbili, dirishani na sikioni. "Ni mzuri?"

"Mgongo mbovu."

Aliinuka na simu yake sikioni, akatokea mlango wa jikoni, akalizunguka tanki. Mumewe alipomwona alisimama wima kana kwamba mkubwa wake amefika. "Usikate," alimwambia kwenye simu, kwa hofu kabisa.

"Sikati." Fundi aligeuza ndoo, akaikalia upande wa pili, mgongo kwenye ubaridi wa tanki. Sauti ya mume ilimfikia kwanza kwa kulizunguka tanki, halafu ikaja tena kwa simu, imechoka kidogo.

"Afande, hiyo barua."

"Maliza kwanza."

"Nimemaliza! Siku zote namaliza, wewe hujui tu, maana ndani ya nyumba mtu hasemi umenipata." Aliweka simu mapajani. "Sikiliza hivi hivi. Unasema hujui pa kuweka mikono. Mimi nikikata mashuka, upande wa pili nashikiwa na kiti. Kiti, mwenzangu, miaka minane! Nami sitaki tena mume wa kichuguu. Unichoshe, nimekubali. Tukikosa la kusema, tulikose nikiwa nakuona. Na mtoto naye—"

"Sisaini."

Neno la fundi lilikuwa bado liko njiani. Tangu waoane, hakuna siku mume huyu alimdakia maneno.

"Hujaniacha nimalize."

"Ah, samahani. Maliza."

"Umeshaharibu, bwana. Endelea wewe."

Akaendelea, bila simu, mpaka fundi mwenyewe akasema mgongo unauma, waingie ndani.

Ijumaa asubuhi Afande aliirudisha barua bila sahihi. Mchana Mama Pacha akaja kujaribu gauni lake, sura ya msiba.

"Jirani," fundi alisema akimfunga zipu, "nina ombi."

"Sema! Kama ni kumfuata huyo mwanamke mpaka kwake, mimi na wewe, leo hii hii—"

"Ni mimi. Ananipigia mimi."

Mama Pacha akageuka, pini zingali zimechomekwa gauni zima. Fundi akaona ndio nafasi.

"Jioni njoo na mumeo, huyo mwashi wako. Mkae sebuleni kwetu, mgombane kidogo, kama mnavyogombana mkidhani ukuta ni mnene. Mkatizane. Mume wangu amenikatiza mara moja tu tangu aje, na mimi bado sijaweza. Tunaomba tuwaone wanaojua."